Mashine kuukuu ya kufulia ya matangi mawili: kabla ya mota, tafuta maji

Swali hili haliishi. Mmoja ameachiwa na mama yake mashine ya kufulia ya matangi mawili iliyokaa stoo miaka na miaka. Mwingine ameipata kwenye mzigo wa kontena Zanzibar, maandishi yote Kijapani. Wa tatu amekwisha kubadilishiwa mota mara mbili na bado inaungua. Wote wanataka kujua jambo moja: itapona?

Mara nyingi itapona. Mashine hizi, zenye tangi moja la kufulia na jingine la kukamulia, hazina kompyuta ndani. Zina mota mbili, kapasita, mkanda, taima za kuzungusha kwa mkono, valvu ya kutolea maji na mipira kadhaa. Karibu kila kitu kinafunguka kwa bisibisi na spana. Nyingi zimekufa kwa sababu maji yalipita pasipotakiwa yakaangukia mota. Fundi akiweka mota mpya bila kuziba njia ya maji, mwenye mashine amelipia mota itakayoungua tena. Kwa hiyo nawasihi wasomaji wote: kabla hujanunua mota, jua maji yaliyoiua ile ya kwanza yalitoka wapi.

## Kabla ya kutoa pesa, soma kibati cha nyuma

Nyuma ya mashine kuna kibati au karatasi yenye volti (V), hezi (Hz) na wati (W). Umeme wetu ni volti 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya na Uganda, wote hezi 50. Linganisha:

- 220–240V, 50Hz. Za Uingereza, Oman au Dubai mara nyingi ni hizi. Hazina shida.
- 100V. Hizi ni za Japani. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani utasikia mngurumo, utaona moshi, na kazi imeisha. Zinahitaji transfoma ya kushusha umeme hadi 100V. Kwa mashine ya wati 350, chukua transfoma ya wati 1000, kwa kuwa mota hunywa umeme mwingi sana inapoanza kuzunguka. Transfoma ya 110V itaiendesha, ila mota itapata joto zaidi ya inavyopenda.
- 60Hz pekee. Hapa kuwa mwangalifu. Japani yenyewe imegawanyika: upande wa Tokyo ni hezi 50, upande wa Osaka ni hezi 60. Saudi Arabia na Marekani ni hezi 60. Mota ya hezi 60 kwenye umeme wetu huzunguka polepole kwa karibu asilimia 17 na huchemka. Transfoma hairekebishi hezi. Ikiwa kibati kimeandika 60Hz tu, iache, au kubali tangu mwanzo kwamba utanunua mota zote mbili.

Muuzaji atakwambia, "Hizi zote zinafanya kazi huku." Kibati kinajua zaidi yake.

## Usiguse kitu kabla ya haya

Maji na umeme vinakaribiana sana kwenye mashine hii, kwa hiyo sehemu hii usiiruke.

1. Chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi.
2. Toa chaji ya kapasita. Hata mashine ikiwa imechomolewa siku nzima, kapasita inaweza kukurusha. Gusisha miguu yake kwa balbu ya zamani ya waya, ya volti 230, yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri. Kugusisha kwa bisibisi, kama wafanyavyo wengi, kunaharibu kapasita na kunarusha cheche usoni.
3. Angalia waya wa arthi, ule wa kijani na njano. Lazima utoke kwenye plagi ufike kwenye bodi ya chuma na kwenye mota. Mashine nyingi za zamani zimekatwa plagi na kuwekwa ya pini mbili. Hapo arthi imepotea. Rudisha plagi ya pini tatu, yenye fyuzi ya ampea 5 badala ya 13.
4. Ikiwa mashine ni ya kabla ya miaka ya 1980, usipasue wala usichome kapasita ya asili. Nyingi za wakati ule zilijazwa mafuta ya PCB, sumu ambayo Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Ukikuta inavuja, vaa glavu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na usiwaache watoto waichezee.

Na nyumbani kama huna swichi ya kukata umeme unapovuja (mafundi wengi huiita ELCB), mwombe fundi umeme akufungie ya miliampea 30 kwenye laini ya chumba cha kufulia. Naijali swichi hii kuliko kitu kingine chochote nitakachokushauri hapa.

## Mashine inasema nini?

Isikilize kwanza, ufungue baadaye.

- Inanguruma, haizunguki. Ichomoe, jaribu kuzungusha kwa mkono. Ikizunguka laini, mshuku kapasita. Ikiwa ngumu, kuna kutu, au soksi imenasa.
- Kimya kabisa. Fyuzi, waya wa plagi ulioliwa na panya, swichi ya kifuniko, au taima.
- Upande wa kufulia unazunguka njia moja tu. Kidole cha kugusisha umeme ndani ya taima kimeungua, au waya mmoja wa mota umekatika.
- Inakamua polepole na kunuka mpira unaoungua. Breki haijaachia.
- Tangi la kukamulia linagonga ukuta. Nguo zimelala upande mmoja, au springi chini ya mota imevunjika.
- Maji ya kufulia yanapungua yenyewe. Valvu haifungi.

## Upande wa kufulia

Anza huku, maana ni rahisi na utapata moyo wa kuendelea.

Chini ya tangi kuna sahani yenye mapezi. Imeshikwa na skrubu moja katikati. Itoe, kisha ivute juu. Haitataka, uchafu wa sabuni na chumvi umeigandisha. Mimina siki ya moto kuzunguka shina, subiri saa moja, halafu pitisha kamba mbili chini ya sahani pande mbili tofauti na uvute sawasawa. Usichokonoe kwa bisibisi upande mmoja. Plastiki ya zamani hupasuka, na sahani yake hutaipata.

Utakachokuta chini yake usikishangae: sarafu, vifungo, pini, nywele, mchanga. Safisha. Kisha angalia shina lilipopita kwenye sakafu ya tangi. Kukiwa na alama ya kutu au unyevu kwa chini, sili yake imechoka, na maji yanadondokea mkanda.

Fungua kifuniko cha nyuma, uangalie mkanda. Ukiwa na nyufa au unang'aa kama kioo, badilisha. Ukifunga mpya, ubonyeze kwa kidole gumba katikati: ulegee kama sentimita moja. Wengi huukaza kama kamba ya gitaa wakidhani utavuta zaidi, na beringi ndizo zinazolipa gharama hiyo.

Valvu ya kutolea maji iko chini ya kifuniko kidogo kati ya matangi. Ndani kuna mpira uliokunjika unaovutwa juu na mkanda mwembamba kutoka kwenye swichi ya kuchagua. Mara nyingi tatizo ni kifungo cha shati kilichokaa kwenye mdomo wake. Mpira ukiwa umekakamaa au umepasuka, hakuna dawa wala gundi, nunua mwingine.

## Upande wa kukamulia, ambako mashine nyingi hufia

Hapa nitakaa zaidi.

Tangi la kukamulia limefungwa juu ya shina la mota, na mota iko chini yake kabisa. Kati ya maji na mota kuna mpira mmoja tu, wenye bushi ndogo katikati. Mpira huo ukichakaa, kila ukikamua, matone yanateremka na shina hadi kwenye mota. Inaweza kuvumilia miezi. Halafu siku moja inanuka, na unaambiwa mota imeungua.

Njia ya kuitengeneza ni hii:

1. Nyuma ya mashine, chini ya tangi, utaona gurudumu la breki lililobana shina kwa bolti. Legeza nati ya kufungia kwanza, kisha bolti.
2. Bolti ikiwa imeshika kutu, ipulizie mafuta ya kulegezea na uiache hadi kesho. Usiligonge shina kwa nyundo. Shina likipinda hata kidogo, tangi litatikisika daima na hakuna springi itakayolituliza.
3. Vuta tangi juu, litoke zima. Pengo kati yake na ukuta ndilo kaburi la soksi na leso za watoto. Toa kila kitu.
4. Toa mpira wa sili. Nyingine zimeshikwa na skrubu, nyingine zimebanwa tu.
5. Sasa fanya kile ambacho mafundi wenye haraka hawafanyi: lipitishe shina kati ya vidole, pale mpira ulipokuwa ukisugua. Ukisikia mikwaruzo au vishimo vya kutu, lisugue kwa msasa laini, namba 400 kisha 600, ukizunguka shina, usiende juu na chini. Sili mpya juu ya shina lenye kutu hukatwa upesi kama kitambaa juu ya msumeno.
6. Paka grisi isiyoyeyuka kwa maji ndani ya bushi, funga mpira mpya, rudisha tangi.
7. Kabla ya kuwasha, mimina maji vikombe vichache ndani, weka karatasi kavu juu ya mota, zungusha tangi kwa mkono. Karatasi ikilowa, rudi namba 4.

Ukiwa bado chini, angalia springi tatu zilizobeba mota na mipira yake. Ikivunjika moja, badilisha zote tatu. Springi mpya na mbili zilizolegea hazitabeba sawa. Angalia pia waya unaotoka kwenye kifuniko kwenda kwenye breki. Kifuniko kikifungwa, breki iachie kabisa. Kikifunguliwa, tangi lisimame ndani ya sekunde chache.

Kuna kosa jingine linalopeleka maji kwenye mota hata sili ikiwa nzima. Mashine nyingi za aina hii hazina pampu. Maji hutoka kwa kuteremka yenyewe. Mtu akiuinua mpira wa kutolea maji na kuutundika kwenye sinki, au ukiziba, maji yanarudi na kusimama chini ya tangi la kukamulia, yakisukuma sili kutoka juu. Mpira ulale sakafuni, uelekee chini mpaka kwenye shimo la maji. Mashine iliyowekwa barazani mahali ambapo mfereji uko juu kuliko kitako chake, iinue juu ya matofali.

## Kapasita na mota

Kapasita ni kitu cha kwanza kubadilisha, kwa kuwa ni ya bei nafuu na huchoka kwa umri. Juu yake pameandikwa mikrofaradi (µF) na volti. Kwa mashine za volti 230, ya kufulia mara nyingi ni kati ya 8 na 12, ya kukamulia kati ya 4 na 6, na zipo zilizounganishwa katika boksi moja, kwa mfano 10+5. Mita ikisoma chini ya asilimia 90 ya kilichoandikwa, tupa. Nunua namba ileile, volti 450. Usiweke kubwa zaidi ukidhani mashine itapata nguvu, utaunguza mota.

Mota ya kufulia ina nyaya tatu. Pima omu kati ya kila mbili. Kwa kuwa mota hii huzunguka kulia na kushoto kwa nguvu sawa, vipimo viwili vitakuwa karibu sawa, na cha tatu kitakuwa jumla yake. Kwa mfano 40, 40 na 80. Kimoja kikikosa kabisa, waya umekatika ndani. Mota ya kukamulia huzunguka njia moja tu, kwa hiyo vipimo vyake viwili havilingani, na hilo si kosa.

Halafu pima kati ya kila waya na mwili wa chuma wa mota. Mita ya kawaida isionyeshe chochote. Fundi mwenye mega (mita ya kupima kama umeme unavuja) apime pia: chini ya megaomu moja, usiichomeke.

Mota iliyolowa lakini haijanuka wala waya zake hazijawa nyeusi, usiitupe. Iweke juani siku kadhaa, ipime tena. Nimeona nyingi zikirudi hai. Iliyoungua kweli, uliza kwanza waya wake ni shaba au alumini. Ya shaba, mpelekee fundi anayesuka mota. Ikisukwa vizuri itadumu kuliko mota nyingi mpya za bei ya chini, ambazo ndani ni alumini.

## Vipuri utavipata wapi?

Hofu hii naielewa, kwa kuwa viwanda vingi vimebadilika. Jina la National liliachwa pale kampuni yake ilipojiita Panasonic mwaka 2008, na biashara ya mashine za kufulia ya Sanyo iliuzwa kwa Haier. Kiwanda cha Hoover cha Merthyr Tydfil huko Wales, kilichofunguliwa mwaka 1948, kiliacha kutengeneza mwaka 2009. Kwa hiyo ukiuliza kwa jina la mashine, utaambiwa hakuna.

Usiulize kwa jina. Nenda na kipuri chenyewe mkononi:

- Mkanda una namba mgongoni. Kama imefutika, peleka mkanda wenyewe wapime urefu na upana.
- Sili hupimwa kwa vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje, kimo.
- Beringi ina namba pembeni. Duka la vipuri vya magari, Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), litakuwa nayo mara nyingi.
- Taima: hesabu nyaya zake na dakika zake. Ya kufulia mara nyingi ni dakika 15, ya kukamulia ni 5. Piga picha ya rangi za nyaya kabla ya kung'oa hata mmoja.

Kariakoo (Dar es Salaam) na Luthuli Avenue (Nairobi) utapata kapasita na taima. Sahani ya tangi na vifuniko ndivyo vigumu, na kwa hivyo tafuta mashine iliyokufa ya aina hiyohiyo kwa wauza vyuma chakavu. Ukiipata, inunue nzima.

## Kutu, rangi na harufu

Bodi ya chuma isugue kwa brashi ya waya na msasa mpaka kutu iishe, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mikono miwili. Usipake juu ya kibati chenye volti. Atakayekuja baada yako atakihitaji.

Chumvi ya maji ya kisima, inayosumbua sana pwani, inaondoka kwa maji ya moto kiasi na siki au asidi ya limau. Iache ndani nusu saa, endesha, mwaga, suuza. Ukitaka kutumia jiki kuua ukungu, itumie siku nyingine kabisa. Siki na jiki vikikutana hutoa gesi ya klorini, na ndani ya bafu dogo inaweza kukudhuru vibaya.

Chini ya mashine, weka wavu wa chuma. Panya wanapenda joto na nyaya, na nyingi za mashine hizi ziko wazi kwa chini.

## Siku ya kwanza ya kuwasha

Usiweke nguo. Jaza maji nusu, washa taima ya kufulia dakika tano, ukikaa karibu na plagi. Mwaga. Kisha kamua tangi tupu dakika moja. Chomoa, gusa mota: vuguvugu ni sawa, moto usioweza kuushika si sawa. Ndipo weka nguo chache, uzipange pande zote, na ukandamize kwa kile kifuniko chembamba cha ndani ambacho watu hukitupa. Kama kimepotea, kata kingine kutoka plastiki laini ya mduara uleule. Bila hicho, nguo hupanda, huruka nje ya tangi na kunasa.

## Mnayoniuliza baada ya hapo

"Si bora ninunue mpya tu?" Kama mota zote mbili zimeungua na tangi limepasuka, ndiyo. Kama ni kapasita, mkanda na sili, hapana. Jumlisha bei za vipuri vyote kabla ya kununua cha kwanza. Zikivuka nusu ya bei ya mashine mpya ya aina hiyo, simama.

"Swichi ya kifuniko imeharibika. Fundi anasema aunganishe nyaya moja kwa moja." Mkatalie. Tangi la kukamulia likizunguka kifuniko kikiwa wazi, linaweza kunasa nguo na kuuvuta mkono wa mtoto pamoja nayo. Swichi hiyo ni ndogo na inapatikana. Mpaka uipate, tumia upande wa kufulia tu na ukamue kwa mikono.

"Nimebadilisha sili, mota imeungua tena." Angalia mambo mawili: mpira wa kutolea maji umeinuliwa au umeziba wapi, na breki inaachia kwa kiasi gani. Mota inayovuta huku breki imeshika nusu huungua ikiwa kavu kabisa. Kaza waya wa breki milimita chache, funga kifuniko, zungusha tangi kwa mkono. Lisipozunguka bila kusugua, endelea kukaza.